Maktaba ya shule na kazi zake za makaratasi: maswali ambayo walimu wa Nyanda za Juu Kusini wanarudia kuuliza

Haya ni maswali yanayorudi kila muhula kutoka kwa walimu waliopewa maktaba huku kwetu, Mbeya mjini, Rungwe, Mbarali, Mafinga, Kilolo, Makete na kwingineko, na wengi wao hawakusomea ukutubi, wamekabidhiwa tu funguo kwenye kikao cha walimu wakaambiwa kuanzia leo wewe ndo mwalimu wa maktaba. Majibu yanahusu ule upande wa kazi ambao hauonekani, yaani rejista, bajeti, ratiba, ripoti na makabidhiano. Swali likigusana na lingine nimeweka namba, ruka uende huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwani kazi ya mwalimu wa maktaba si kutoa vitabu na kupokea tu?

Kutoa na kupokea ni kipande kidogo sana. Kuna kujua shule ina vitabu gani, viko wapi, nani anavyo, vipi vinakosekana, hela ya kuvipata inatoka wapi, nani anaingia maktaba saa ngapi na mkuu wa shule anaambiwa nini mwisho wa mwezi. Marekani mtu wa nafasi hii ameajiriwa kwa kazi hiyo, na mwongozo wa chama cha wakutubi wa shule wa huko, AASL, wa mwaka 2009 ulimpa majukumu matano: kiongozi, mshirika wa walimu kwenye kufundisha, mtaalamu wa taarifa, mwalimu, na msimamizi wa programu nzima ya maktaba. Hilo la tano ndo tunaloliongelea hapa. Huku kwetu majukumu ni yaleyale, ila wewe una vipindi vya Jiografia pia, una zamu, una darasa lako na pengine unasimamia bweni.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu makabati mengi ya vitabu kwenye shule zetu yamefungwa kwa woga. Mwalimu anajua kitabu kikipotea ataulizwa yeye, na hana karatasi yoyote ya kuonyesha kilienda kwa nani, basi kwake usalama ni kufuli. Rejista ikikaa sawa ule woga unaisha, unaazimisha ukijua kila kitabu kina jina la mtu, na mtoto wa kidato cha pili anaondoka na kitabu kwenda nacho bwenini. Ndo maana sikubaliani kabisa na wanaosema makaratasi yanamchelewesha mwalimu wa maktaba, mimi naona makaratasi ndo yanafungua kabati.

2. Nimekabidhiwa maktaba leo, naanza wapi?

Usianze kupanga shelfu, najua zinavuta macho. Anza kuhesabu, tena usihesabu peke yako, omba mwalimu wa pili au mtunza stoo akae na wewe, kila kitabu kiguswe kwa mkono na kiandikwe, kizima au kimechanika. Mkimaliza mnasaini wote wawili na nakala inaenda kwa mkuu. Hiyo karatasi inaonyesha ulipokea nini, maana bila hiyo vitabu vilivyopotea miaka mitano nyuma vitakuwa vyako. Mwenye funguo aliyepita kama bado yupo shuleni soma swali la 16 kabla hujapokea kitu.

3. Lazima niwe nimesomea ukutubi?

Kusomea kunasaidia sana, na chuo kipo Bagamoyo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ambayo sheria yake ni ya mwaka 1975. Lakini mwalimu yeyote makini anaweza kuendesha maktaba ya shule vizuri. Bodi hiyohiyo ndo yenye maktaba za mkoa, Mbeya ipo na Iringa ipo, nenda siku ya kazi ukaombe kuona wanavyoandika rejista na wanavyobandika namba mgongoni mwa vitabu. Asubuhi moja pale inakufundisha vitu vingi kuliko kusoma maelezo haya.

## Rejista na mpangilio

4. Rejista ya vitabu inaandikwaje hasa?

Chukua kaunta buku kubwa, piga mistari kurasa mbili zinazotazamana ziwe ukurasa mmoja mpana. Safu zinazotakiwa ni hizi: namba ya kitabu, tarehe kilipoingia, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, kimetoka wapi, bei kama kimenunuliwa, na safu ya mwisho iwe pana, ya maoni. Namba haijirudii kamwe. Kitabu namba 1286 kikipotea, namba 1286 imekufa nacho, kwenye maoni unaandika kilipotea lini na barua iko faili gani, kitabu kipya kinachoingia kinachukua 1287 au popote mlipofika. Walimu wengi wanajaza namba za vitabu vilivyopotea wakidhani wanaziba mapengo, matokeo yake siku ya ukaguzi namba moja ina vitabu viwili na hakuna anayeweza kueleza.

Kwenye kitabu chenyewe namba unaiandika kwa peni ndani ya jalada, na muhuri wa shule unapiga sehemu mbili, ukurasa wa jina na ukurasa mmoja wa ndani ambao shule imeuchagua, mfano wa 17, vitabu vyote ukurasa huohuo. Mtu akichana ukurasa wa mbele na kubadilisha jalada, ule wa 17 unabaki. Muhuri usipige juu ya maandishi wala picha, na acha wino ukauke kabla hujafunga kitabu, hasa miezi ya mvua.

5. Tumeletewa vitabu vya kiada vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) mamia kwa mamia, navyo niandike kimoja kimoja?

Ndio, ila viwe na rejista yao. Ukivichanganya na vya ziada na hadithi hutaona kitu. Vipe namba fupi inayojieleza, mfano BIO/2/034, yaani Biolojia kidato cha pili nakala ya 34, hapo hata mtoto akikiokota uwanjani anajua kinarudi wapi. Maboksi yakija usifungue peke yako, kamati ya mapokezi ihesabu na ilinganishe na hati iliyokuja na mzigo, na kama hati inasema 120 na mmehesabu 112 andikeni 112, hata kama dereva ana haraka ya kurudi halmashauri. Ukisaini 120 kwa heshima ya mgeni, vile nane ni deni lako.

6. Dewey ni lazima? Maana tuna vitabu elfu moja tu.

Si lazima ila ni vizuri, kwa sababu mtoto akienda maktaba ya mkoa atakuta mpangilio huohuo. Dewey ni mfumo wa mwaka 1876, unagawa elimu yote kwenye makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Kwa shule tumia tarakimu tatu tu: 510 Hisabati, 530 Fizikia, 540 Kemia, 570 Biolojia, 630 Kilimo, 960 historia ya Afrika. Kiswahili kikamilifu ni 496.392 na fasihi yake 896.392, lakini kwa shule ya kata 496 na 896 zinatosha kabisa. Shule ya msingi mimi ningetumia rangi, karatasi nyekundu mgongoni kwa hadithi, kijani kwa sayansi, hata mtoto wa darasa la pili anarudisha mwenyewe.

7. Niingize kwenye kompyuta?

Kama una kompyuta ya uhakika, ndio, ila kaunta buku isife. Umeme unakatika na kompyuta ya shule inatumiwa na kila mtu, muhula wa mitihani mafaili yanafutwa ili kupata nafasi. Excel inatosha kwa maktaba ya vitabu elfu mbili tatu, safu zilezile za swali la 4. Kuna programu ya bure inaitwa Koha, ilianzia New Zealand, ni nzuri sana lakini inataka mtu wa kompyuta wa kuitunza, sasa kama shule haina huyo mtu usijibebeshe. Nakala ya faili weka kwenye flashi inayokaa ofisi ya mkuu, sio kwenye droo ileile yenye kompyuta.

## Kuazimisha, kupotea na madeni

8. Utaratibu gani wa kuazimisha unafanya kazi kwenye shule yenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja?

Usijaribu kuandika watoto mia saba wewe mwenyewe. Vitabu vya kiada azimisha kwa darasa: kila mkondo una orodha ya majina, mbele ya jina namba ya kitabu, mtoto anasaini, kiranja wa taaluma anabaki na nakala na mwalimu wa darasa nakala. Vya hadithi na vya ziada ndo viandikwe mtu mmoja mmoja, siku mbili kwa wiki, wiki mbili kila kitabu. Viranja wa maktaba wafundishe, wanne au watano, ambao hawamalizi shule mwaka mmoja wote, na wasiachiwe funguo.

Andika hali ya kitabu wakati wa kutoa. Neno moja linatosha, kipya, kizima, kimelegea. Bila hilo neno huwezi kumwambia mtoto kwamba yeye ndo amechana jalada.

9. Mwanafunzi amepoteza kitabu, analipa?

Utaratibu uandikwe na kupitishwa kabla ya kupotea kitabu, na wazazi waujue tangu mtoto anaingia kidato cha kwanza. Njia inayokubalika zaidi ni kurudisha kitabu kilekile, jina hilo na toleo hilo. Faini za hela usijitungie, michango na tozo kwenye shule za umma ina utaratibu wake na mwalimu akipokea hela mkononi bila stakabadhi anajitafutia matatizo, hata kama nia ilikuwa njema na hela kweli ilinunua kitabu.

Na tafadhali, usimtoe mtoto kwenye mtihani kwa ajili ya kitabu. Mtoto wa bibi huko Ukinga au Ileje hana pa kuitoa hela ya kitabu, ataacha kuja shule kimyakimya, na wewe utakuwa umepoteza kitabu na mtoto. Muite mzazi, andikianeni, mpe muda. Kuna wazazi wamewahi kulipa kitabu kwa kuja kutengeneza benchi na shelfu za maktaba, shule ikakubali kwa maandishi, na mimi naona ni sawa kabisa.

10. Wanafunzi wanarudisha, tatizo ni walimu wenzangu.

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini lakini linaulizwa kila mahali. Mwalimu ana nakala nne nyumbani, ya kiongozi cha mwalimu, ya kiada na mbili za ziada, miaka mitatu. Kumwandikia barua mwenzako ni kugumu, kwa hiyo usilifanye liwe la wewe na yeye. Omba mkuu alitangaze kikaoni kuwa kila Juni na Desemba walimu wote wanarudisha vyote hata kama watavichukua tena kesho yake, na mkuu mwenyewe awe wa kwanza kurudisha. Leja ya walimu, yaani daftari la nani ameazima nini, iwe tofauti na ya wanafunzi. Anayehama fomu yake ya kuondoka isisainiwe na taaluma kabla maktaba haijasaini.

## Hela

11. Hela ya maktaba inatoka wapi kwenye shule ya serikali?

Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 shule zinapata ruzuku ya uendeshaji kwa idadi ya wanafunzi, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu ya hela hiyo inabaki juu kwa ajili ya kununulia vitabu ambavyo vinaletwa vikiwa vitabu. Kinachofika shuleni ndo kinagombaniwa na chaki, mitihani, ukarabati na kila kitu. Maktaba hapo inapata kama imeomba, na imeomba kwa karatasi.

Shule binafsi na seminari zina ada na wengine wana fungu la maktaba linalojulikana, wao swali lao linakuwa nani anaidhinisha, liandikwe.

12. Bajeti ya maktaba inaandikwaje ili mkuu asiikate yote?

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, kwa hiyo ukisubiri Mei umechelewa. Mahitaji yako yawe mezani kabla ya likizo ya Desemba. Yagawe matatu: vitabu, vifaa (gundi, selotepu, nailoni ya kufunikia, kaunta buku, wino wa muhuri) na samani. Kila kitu kiwe na idadi, bei ya dukani uliyoiuliza kweli na sababu ya mstari mmoja. Ukiandika "vitabu vya Fizikia 40" utakatwa. Ukiandika wanafunzi 96 wa kidato cha tatu wanatumia nakala 21, na leja ipo, mkuu ana kitu cha kutetea kwenye bodi ya shule.

Manunuzi yenyewe usiyafanye wewe. Taasisi za umma siku hizi zinanunua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao ulioanza 2023, na hesabu za shule zinaingia FFARS, mfumo wa hesabu na ripoti za fedha za vituo kama shule, wewe kazi yako ni kutaja kinachotakiwa kwa usahihi, jina kamili, mchapishaji, toleo, ili kisije kitu kingine. Shelfu huku kwetu tuna bahati, mbao za paini za Mufindi zipo, hakikisha zimekauka na zimepakwa dawa maana mbao mbichi inapinda ndani ya muhula mmoja.

13. Kuna rafiki wa shule yuko nje anataka kutuma maboksi ya vitabu, tukubali?

Mshukuruni, halafu mtumieni orodha ya mnachohitaji kabla hajatuma. Bila orodha zitakuja ensaiklopidia za zamani na vitabu vya historia ya jimbo fulani la Marekani, vinajaza shelfu na mtoto hagusi. Semeni wazi kwa maandishi kwamba shule itachagua, na kisichofaa kitapelekwa kwingine. Vinavyobaki vinaingia rejista kama vingine, chanzo kikitajwa, na mfadhili anaandikiwa barua ya kupokea yenye idadi halisi. Akitaka kujua vinatumikaje takwimu za swali la 15 unazo tayari.

## Chumba, ratiba na ripoti

14. Vitabu vinaota ukungu, tufanyeje?

Hili ni letu hasa, Tukuyu na safu yote ya Rungwe mvua haiishi, Makete na Njombe baridi inaleta unyevu ukutani. Shelfu isigusane na ukuta wa nje, acha nafasi ya kupitisha mkono, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau shubiri moja. Usibane vitabu. Siku ya jua fungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi, funga kabla ukungu wa jioni haujashuka. Kitabu kilichoota ukungu kitoe nje, futa kwa kitambaa kikavu, kikae kivulini penye upepo, usikianike juani mchana kutwa maana gundi inakatika na kurasa zinatoka. Ukishuka Kyela au Usangu ongeza kazi ya mchwa, kagua nyuma ya shelfu na chini ya maboksi kila wiki.

Kuhesabu vitabu vyote kwa mwaka fanya Juni, mvua zimekata, wanafunzi wako likizo.

15. Ratiba na ripoti, mkuu anataka nini hasa?

Ratiba: omba mwalimu wa taaluma aingize kipindi cha maktaba kwa kila mkondo kwenye ratiba kuu ya shule, sio kwenye karatasi yako ya mlangoni, kwa sababu kisichokuwa kwenye ratiba kuu kinaliwa na majaribio. Shule za bweni fungueni na wakati wa prepo kama taa zipo, na mwalimu wa zamu ajue.

Ripoti iwe ukurasa mmoja kwa mwezi. Waliingia wangapi, vimeazimwa vingapi na vya somo gani, vimepotea vingapi, vimeingia vipya vingapi, na jambo moja unaloomba. Jambo moja, usiombe kumi. Hizi namba ndo zinakuwa ushahidi wakija wathibiti ubora, na ndo zinaandika bajeti ya swali la 12 bila wewe kukuna kichwa. Ukiona kidato cha nne hawajaazima kitabu chochote cha Kemia mwezi mzima na mtihani wa taifa ni Novemba, mfuate mwalimu wa Kemia mkaongee, inawezekana hajui kuwa vipo.

## Hali zinazoleta shida

16. Nimehamishwa ghafla, au aliyenitangulia kaondoka bila kukabidhi. Inakuwaje?

Ukihamishwa, barua ikitoka tu omba siku mbili za makabidhiano. Hati iwe na nakala tatu, yako, ya anayepokea na ya ofisi, ikionyesha idadi kwa rejista, idadi iliyoonekana, tofauti, na maelezo ya tofauti. Yako ondoka nayo, itunze na barua zako za kazi, kuna hoja za ukaguzi zinakuja miaka miwili baadaye ukiwa Songwe huko.

Aliyetangulia akiwa ameshaondoka, fungueni chumba mkiwa kamati, mkuu ateue watu watatu kwa barua. Mnahesabu kama swali la 2, mnaandika kwamba mmekuta hivi, bila kumtuhumu mtu. Kutuhumu sio kazi yenu, ni ya ofisi.

17. Vitabu chakavu na vya mtaala wa zamani tuvitupe?

Hapana, wala msiwape wauza karanga. Kitabu cha serikali ni mali ya umma, kinafutwa kwa utaratibu: unaandika orodha yenye namba na sababu, mkuu anaipeleka halmashauri, mnasubiri kibali. Wakati mnasubiri viondoe shelfuni vikae boksi lenye lebo, ili mtoto asichukue kitabu kilichopitwa. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unaingia kwa awamu, kwa hiyo kuna madarasa bado yanatumia vya zamani, hakikisha na mwalimu wa taaluma kabla hujatoa. Na sio kila cha zamani kimekufa, kitabu kizuri cha Hisabati cha mtaala uliopita bado ni mazoezi ya ziada.

18. Nakala hazitoshi, tunaruhusiwa kutoa fotokopi kitabu kizima?

Kitabu kizima hapana, kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mwandishi anaishi kwa kitabu chake. Kipande kifupi cha kufundishia darasani ni jambo tofauti. Kabla ya fotokopi angalia maktaba mtandao ya TET, vitabu vya kiada vinasomeka huko, na shule yenye projekta na bando inaweza kumwonyesha mtoto ukurasa uleule bila kuvunja sheria.

19. Naweza kutuma majina ya wadaiwa vitabu kwenye grupu la WhatsApp la wazazi?

Usifanye hivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto anayeaibishwa mbele ya wazazi mia mbili harudi tena maktaba. Mpigie mzazi husika. Vilevile orodha ya nani anasoma nini usiibandike ukutani, msichana akiazima kitabu cha afya ya uzazi ni jambo lake.

20. Paa limeezuliwa na mvua imelowesha vitabu, tunaanza na nini?

Piga picha kabla hujagusa, kisha mwarifu mkuu siku hiyohiyo kwa maandishi. Rejista na leja ndo za kwanza kutolewa, vitabu baadaye, kwa sababu bila rejista hutajua umepoteza nini na hutaweza kuomba kufidiwa. Vilivyolowa kidogo visimamishe wima vikiwa vimefunguka, weka magazeti makavu katikati ya kurasa na ubadilishe kila yanapolowa, chumba kiwe na upepo. Vyenye kurasa za kung'aa ndo wahi kwanza, zikikauka zimegandana hazitengani tena. Usipige pasi na usivirundike jikoni karibu na moto. Vilivyolowa hadi vimevimba viandike pembeni na namba zake, viende kwenye orodha ya swali la 17.